Betri Iliyovishwa Bitana

Kila siku akitoka shule, kabla hata hajavua viatu, Upesi alikuwa na kazi ya kuokota pini. Mama yake alikuwa mshonaji, na katika nyumba ya mshonaji pini hazikomi kuanguka. Nyingine hujificha kwenye nyufa za sakafu, nyingine kwenye mkeka, na zile korofi hukaa zikisubiri mguu wa mtu. Upesi alipiga magoti chini ya meza ya kukatia, akipitisha sumaku aliyoitoa kwenye spika mbovu, huku mdogo wake akitambaa nyuma yake kwa furaha akidhani ni mchezo. Mdogo wake huyo alikuwa bado ananyonya, lakini wote walimwita Bwana Mkubwa, kwa sababu nyumba nzima ililala na kuamka kwa amri yake.

Upesi nalo halikuwa jina la shuleni. Alibandikwa jina hilo utotoni, maana alijifunza kukimbia kabla ya kutembea. Sasa alikuwa darasa la sita, akili nyepesi na mikono myepesi zaidi. Ile methali ya haraka na baraka alikuwa ameisikia mara nyingi hata ikawa haimwingii tena, kama vile mlio wa cherehani ulivyokuwa haumwamshi.

Shule moja ya jirani ilikuwa imebadilisha rangi ya sare, na mama alipewa kazi ya kuzishona. Ilikuwa kazi ya kushukuru Mungu, lakini ilikuwa nzito. Chumba cha kushonea kilikuwa na dirisha moja tu, nalo lilitazamana na ukuta wa nyumba ya pili, kwa hiyo hata adhuhuri giza lilikuwemo. Umeme nao ulikuwa na tabia za mgeni asiyeaga. Ukikatika, mama aliiburuta cherehani hadi mlangoni, akashona huku vumbi la njiani likimwingia machoni. Ukirudi, aliiburuta tena ndani. Mgongo wake ulikuwa umechoka kuburuta, macho yamechoka kukodoa.

Siku moja Upesi alimkuta ameshika shati mkononi, analitazama tu.

"Kuna nini, Mama?"

"Nimeshona mfuko juu chini," mama alisema. "Mimi, na umri wangu huu katika kazi. Tena si shati moja, mwanangu. Ni fungu zima."

Siku nyingine angecheka mwenyewe. Siku hiyo hakucheka. Alichukua wembe akaanza kufumua, na Upesi akamwona analiinamia shati kutafuta uzi gizani. Roho ilimuuma. Juu ya kabati kulikuwa na taa ya kuchaji iliyokufa zamani. Balbu zake zilikuwa nzima, ila betri na chaja yake vilikuwa vimeharibika. Upesi akaishusha, akaipangusa vumbi kwa kiwiko, akaapa moyoni kwamba mama yake hatafumua tena fungu zima kwa sababu ya giza.

Kesho yake alikwenda kwa mjomba wake. Mjomba, kaka wa mama, alikuwa fundi wa simu na redio, na kibanda chake kilikuwa kona ya barabara, kidogo kiasi kwamba akipiga chafya wateja walilazimika kurudi nyuma. Siku hiyo watu walikuwa wamemjaa, kila mmoja na simu yake iliyopasuka.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Leo umetembea au umekimbia?"

"Nimetembea haraka." Upesi aliweka taa mezani. "Nataka kuitengenezea chaja na betri mpya, Mama apate mwanga."

Mjomba alivua miwani yake ya kukuzia, akafikicha macho. Naye pia alikuwa amechoka, lakini kwa dada yake hakuwa na hapana. Alivuta ndoo iliyojaa betri za mviringo, nene kidogo kuliko za tochi, zilizotolewa kwenye kompyuta kuukuu.

"Hizi ni za lithiamu," alisema. "Usizichukulie kama betri za redio. Ya redio ukiikosea inakufa peke yake. Hii ukiikosea, inakufa na watu."

Akaanza kuzipima kwa mita, moja baada ya nyingine. Iliyovimba aliitupa kwenye ndoo ya pili. Iliyoonyesha umeme mdogo mno aliitupa pia. "Hii imeshakufa, na maiti hafufuliwi kwa chaja." Akainua nyingine iliyokuwa na nguvu nzuri, lakini plastiki yake nyembamba imechanika karibu na kichwa. "Na hii je? Inafaa?"

"Inafaa. Ina nguvu."

"Haifai. Bati lote hili unaloliona ni upande wa hasi. Chanya ni hiki kichwa tu. Kinachozuia visigusane ni hili koti. Koti likichanika, kijiti chochote cha chuma kikilala hapa, umeme wote unatoka kwa mkupuo mmoja, na moto ndio huo." Akaitupa ndoo ya pili.

Kisha akamwonyesha vibao viwili vya kuchajia, vidogo kuliko kidole gumba, vinavyofanana kama mapacha. "Vyote viwili vinajua kuacha kuchaji betri ikijaa. Lakini hiki tu ndicho chenye ulinzi. Nyaya zikigusana kinakata, betri ikinyonywa hadi kukauka kinakata. Kile kingine hakikati kitu. Na ona kidude hiki, kidogo kama punje ya ufuta. Kinaitwa rezista. Ndicho kinachoamua umeme uingie kwa kasi gani. Kilivyotoka dukani kinasukuma haraka mno kwa betri kuukuu kama hizi. Nitakitoa niweke kingine, betri ijae polepole."

"Polepole kiasi gani?"

"Kiasi cha kukuchosha wewe," Mjomba alisema, na wateja wakacheka. "Halafu kuna fyuzi ya kukata umeme ukizidi, kuna kishikio cha betri, kuna kasha gumu lenye kifuniko. Na nyaya zote nitaziunga kwa lehemu. Niachie. Nikimaliza za watu, tutakaa mimi na wewe, tutapima kila kitu. Usichomeke chochote kabla sijakiona. Umenisikia?"

"Nimekusikia."

Lakini foleni ilikuwa ndefu. Mama mmoja alikuwa anagomba kwamba simu yake imerudi bubu, na Mjomba akageuka kumsikiliza. Upesi alisimama kwa mguu mmoja, akasimama kwa mwingine. Aliwaza mama yake anavyoburuta cherehani. Aliona kibao kile kisicho na ulinzi kimelala mezani bila mwenyewe.

"Mjomba, hiki naweza kuchukua nikakichunguze?"

"Chukua, chukua," Mjomba alijibu bila kugeuka.

Hilo la kibao aliliomba. La betri hakuliomba. Alipitisha mkono kwenye ndoo ya pili, ile ya mbovu, akaichomoa ile yenye nguvu nzuri na koti lililochanika, akaitia mfukoni na kuondoka.

Sasa, mtoto wa mshonaji akiona koti limechanika hatafuti fundi. Hutafuta kitambaa. Upesi aliokota kipande cha bitana ya bluu kwenye mabaki ya mama, akaikatia betri koti jipya, akalishona kwa mkono mshono mdogomdogo, safi kabisa. Lehemu hakuwa nayo, basi nyaya za betri, za kibao na za taa alizisokota, akazikaza kwa uzi wa kushonea vifungo, maana uzi ule haukatiki hata ukivutwa na punda. Fyuzi aliiacha. Kasha pia hakuwa nalo, na mahali pake akaweka kifuniko cha kopo la plastiki, wazi juu. Alipochomeka kwenye kichwa cha chaja ya simu, taa ndogo nyekundu iliwaka kwenye kibao. Upesi aliruka juu kwa furaha.

Mama aliigeuza ile chaja mikononi, akaupapasa mshono wa bitana kwa kidole. "Mshono mzuri," alisema. Kisha akamtazama. "Mjomba wako amekiangalia hiki kitu?"

"Amekiangalia, Mama. Amesema ni salama."

Neno lilitoka lenyewe, likatoka limenyooka, halina hata mkunjo. Mama akatikisa kichwa kwa kuridhika. Aliweka chaja juu ya meza ya kukatia, kati ya mto wa pini na fungu la mashati yaliyokamilika, kwa sababu soketi ilikuwa hapo na kwa sababu kaka yake hakuwa mtu wa kubahatisha.

Na taa iliwaka. Umeme ulipokatika siku iliyofuata, mama hakuburuta cherehani. Alishona palepale alipo, mifuko ikakaa mahali pake, na alipomwona Upesi anaingia alimwambia, "Mungu akukuze, mwanangu." Upesi alifurahi, lakini furaha ile ilikuwa na pini ndani yake. Kila mama alipoisifu taa kwa jirani, alimsifu na Mjomba, na pini ile ikachoma. Mara kadhaa alifungua mdomo aseme. Mara zote alijiambia atasema kesho, mama akiwa hana kazi nyingi.

Siku moja ya jua kali Upesi alirudi kutoka shule miguu mizito. Alipofika mlangoni alihisi kuna kitu kimepungua. Cherehani ilikuwa kimya. Mama alikuwa amesinzia kitini mbele ya cherehani hiyo, shavu juu ya mkono wa shati, mdomo wazi kidogo kwa uchovu. Chini ya meza, juu ya lundo la mabaki ya vitambaa, alilala Bwana Mkubwa. Chumbani kulikuwa na harufu tamu ya ajabu, kama rangi ya kucha.

Upesi akatazama mezani. Bitana ya bluu ilikuwa imegeuka kahawia na inakunjamana yenyewe. Pini moja ilikuwa imeanguka kutoka kwenye mto, ikapenya mshono, ikalala kati ya kichwa cha betri na bati lake. Betri ilikuwa inatoa mlio kama wa nyoka.

"Mama! Amka! Moto!"

Hakuigusa. Alizima swichi ya ukutani, akaingia chini ya meza, akamvuta Bwana Mkubwa kwa mguu na kukimbia naye nje. Mama alizinduka, akanyakua rula yake ndefu ya mbao, akaisukuma chaja ile ianguke sakafuni kwenye saruji, akaendelea kuisukuma hadi nje ya kizingiti. Hapo ndipo ilipolipuka, ikatoa mwali mweupe na moshi mzito. Jirani muuza mkaa alikuja mbio na ndoo ya mchanga, akaimwagia, kisha ndoo nyingine, huku akiwafokea watoto wote wasogee mbali. Lakini cheche zilikuwa zimeshapata mashati wakati ikiwa bado mezani. Mama alirudi ndani akalitoa fungu zima likifuka, wakalikanyaga uani.

Hakuumia mtu. Vinyweleo vya mkono wa mama viliungua, basi. Lakini fungu lile la mashati lilikuwa limekwisha, na meza ya kukatia ilikuwa na doa jeusi ubavuni. Mama alimchukua Bwana Mkubwa, akamnusa kichwani, akamgeuza huku na huku. Alikaa naye kizingitini. Moshi ulipokwisha kabisa na mabaki yale kupoa mchangani, aliyatia kwenye kopo la bati, akainuka.

"Tunakwenda kwa mjomba wako."

Alitembea mbele, mtoto mgongoni, kopo mkononi, akiongea peke yake. "Ndugu yangu wa tumbo moja. Aangalie kitu, aseme salama, mwanangu alale karibu nacho!" Na kwa mara ya kwanza tangu apewe jina lake, Upesi alibaki nyuma.

Kibandani watu walikuwa wamejaa kama kawaida. Mama hakusalimu. Aliweka kopo mezani kwa kishindo.

"Hiki ndicho ulichokiangalia?"

Mjomba alichungulia ndani ya kopo. Kwa koleo yake ndogo alichambua majivu, akainua ncha ya bitana ya bluu iliyonusurika, kisha kipande cha uzi wa vifungo kilichong'ang'ania waya. Alielewa papo hapo. Aliinua macho akamtazama Upesi.

"Jibu," mama alisema. "Ulikuwa na haraka gani na watoto wangu?"

Mzee mmoja aliyekuwa kwenye foleni alinyoosha mkono. "Kumbe ndivyo fundi mwenyewe alivyo? Mimi nipe simu yangu." Na mama mwingine nyuma yake akasema, "Na yangu."

Mjomba aliishika simu ya mzee, akaanza kuirudisha, bado yuko kimya. Upesi aliona mkono ule unanyooka. Alielewa kwamba mjomba wake angeweza kusema neno moja akaokoka, na kwamba hatalisema. Anamwachia yeye.

"Hakukiangalia!" Upesi alisema. Machozi yalimtoka kabla ya maneno mengine. "Mama, Mjomba hakukiangalia. Alinikataza nisichomeke. Betri aliitupa mwenyewe, mimi nikaiiba kwenye ndoo. Nilikudanganya."

Mkono wa mzee ukabaki hewani. Mama alimgeukia mwanawe, akamtazama, kisha akakaa kwenye benchi la wateja.

"Sina hata nguvu za kukasirika," alisema. "Kaka, nisamehe. Nimekuvunjia heshima mbele za watu."

"Tusameheane," Mjomba alisema. "Ndoo ya betri mbovu kuiacha wazi ni kosa langu. Na huyu aliniuliza jambo nikamjibu bila kumtazama." Akamgeukia yule mzee. "Simu yako, mzee?"

"Endelea nayo, fundi," mzee alisema, akitazama pembeni. "Mtoto kasema kweli mbele ya watu wote hawa. Si jambo dogo."

Upesi hakupigwa. Lakini mashati yalipaswa kushonwa upya, na mama alikuwa mtu mmoja. Basi kila jioni alikata nyuzi, akashona vifungo, akafumua palipokosewa, mpaka vidole vikachubuka. Michezo aliisikia kwa mbali. Alijua sasa uchovu wa mama yake unakaa sehemu gani za mwili. Unaanzia shingoni.

Sare zilipokwisha, Mjomba alimwita. Safari hii walikaa wote wawili, na ndoo ya betri mbovu ilikuwa na kifuniko. Upesi alipima betri mwenyewe kwa mita, akachagua yenye nguvu nzuri na koti zima. Alichagua kibao chenye ulinzi. Mjomba akabadilisha rezista, akaunga nyaya kwa lehemu, na betri ikaingia kwenye kishikio chake ndani ya kasha gumu. Wakaichaji palepale kibandani, na kila mara Upesi aliweka kidole juu ya betri kuhakikisha haipati joto. Ilichukua muda wa kumchosha, kama alivyoahidiwa. Alisinzia mara mbili, lakini hakuondoka.

Nyumbani mama aliipokea, akauliza swali lilelile. "Mjomba wako amekiangalia hiki kitu?"

Upesi alihesabu kwa vidole. "Amepima betri, ameunga nyaya, ameweka rezista. Tumeichaji pamoja, haikupata joto. Ila fyuzi niliiweka mimi mwishoni, wakati anafunga kibanda. Hiyo hajaiona."

"Basi rudi kesho akaione."

"Lakini, Mama, kazi yote—"

"Rudi."

Akarudi. Mjomba akaifungua, akaiona, akakaza skrubu moja iliyolegea, akafunga. Ndipo mama akakubali ichomekwe, nayo haikuwekwa mezani. Iliwekwa juu ya sahani ya udongo, sakafuni penye saruji tupu, mbali na kitambaa na mbali na pini, mchana, mtu akiwa macho.

Siku hiyo mama alimkalisha karibu naye.

"Unadhani siku ile nililala kwa sababu ya uchovu?" aliuliza. "Mimi nimechoka miaka yote, mwanangu. Uchovu peke yake haujawahi kunilaza karibu na kitu nisichokijua. Kilichonilaza ni neno lako. Uliniambia kimeangaliwa, nikafumba macho. Shati lililochanika ukilifunika kwa kiraka kibaya, utaona aibu, basi. Lakini ukifunika hatari kwa uwongo, anayeungua ni yule aliyekuamini. Kazi ya hatari ifanye polepole, na ukiulizwa, sema ulichofanya na ambacho hujafanya."

Upesi alijibu, "Ndiyo, Mama," na safari hii hakujibu haraka.

Kwa wiki nyingi baada ya hapo, kila Upesi aliposema ameichomoa chaja, mama aligeuka kutazama ukutani. Upesi alimwona, na hakumlaumu.

Kisha ikaja siku moja ya joto, kazi imepungua, Bwana Mkubwa amelala kwenye mkeka. Taa ndogo ya kibao iligeuka kijani. Upesi akazima swichi, akachomoa waya, akauviringisha.

"Imejaa, Mama. Nimechomoa."

"Haya," mama alisema. Hakugeuka. Aliweka mkasi chini, akajinyoosha mkekani kando ya mtoto, na kabla Upesi hajamaliza kuokota pini, mama alikuwa amelala.